Teleki au Urechia? Maktaba mbili za Romania, ipi uiendee na ipi uige kama una vitabu vya kuacha

Hili swali nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona bora niandike mara moja, mtu akiniuliza tena namwelekeza huku. Mtu yuko Romania au anapita Romania, ana siku chache, anapenda vitabu na historia, sasa aende maktaba gani, ile ya Teleki kule Târgu Mureș au ile ya V.A. Urechia kule Galați? Halafu kuna mzee wangu mmoja, mwalimu mstaafu, ana maboksi ya vitabu sebuleni mpaka mama watoto kachoka kuyapanguza vumbi, yeye haendi Romania wala nini, anachotaka ni kujua hao jamaa wawili walifanyaje mpaka vitabu vyao vipo hadi leo. Nitawajibu wote humuhumu, mtanisamehe nikiruka ruka.

Jibu la haraka kwa wasiopenda kusoma sana ni hili, ukitaka KUONA nenda kwa Teleki, ukitaka KUTUMIA nenda kwa Urechia. Sababu zake ndo ndefu.

Kwanza tuelewane, zote mbili sa hivi ziko chini ya mkoa. Wenyewe mkoa wanauita județ, na kila județ una maktaba yake ya umma ambayo kawaida imepewa jina la mtu. Ya Galați inaitwa kabisa kwa jina la mwanzilishi wake, V.A. Urechia. Ya Teleki ni kitengo cha maktaba ya mkoa wa Mureș, yaani maktaba ya kawaida ya kuazima riwaya iko kwenye Jumba la Utamaduni pale katikati ya mji (jengo la 1913, lipite hata kama vitabu hujali), na Teleki iko kwenye jengo lake mtaa wa Bolyai. Kwa hiyo usije ukaingia Jumba la Utamaduni ukauliza vitabu vya karne ya 15 wakakushangaa.

Sasa Teleki mwenyewe. Sámuel Teleki alizaliwa 1739, mtoto wa ukoo wa kikabaila wa Kihungari huko Transylvania, enzi hizo Romania ya leo haipo bado, Transylvania iko chini ya ufalme wa Habsburg wa Vienna. Mwaka 1759 akiwa kijana wa miaka 20 akatoka kwenda kusoma nje, Basel, Utrecht, Leiden, Paris, akarudi 1763, na kule ndo akashikwa na ugonjwa wa vitabu ambao haukumtoka mpaka kufa. Baadaye akapanda vyeo mpaka 1791 akawa chansela wa Transylvania, cheo kinachokaa Vienna, na hapo pesa anayo, barua zinafika kwa wauza vitabu wa Ulaya nzima, vitabu vinaingia. Vienna kwenyewe ni mji umejaa maktaba, angeweza kabisa kuviacha pale vikamezwa na mkusanyiko wa mfalme ikaisha. Yeye akaamua vifungwe visafirishwe mpaka Marosvásárhely, ndo hiyohiyo Târgu Mureș kwa Kihungari (mji una majina mawili na mabango yanaandikwa lugha mbili, usichanganyikiwe).

Kwa nini mji mdogo vile? Maana pale kulikuwa na mahakama kuu ya rufaa ya Transylvania, na mahakama ina vijana wanaojifunza sheria, halafu kulikuwa na chuo cha Waprotestanti chenye wanafunzi na walimu, ila vitabu vipya vya kisayansi vya kutosha hamna. Jamaa alipeleka vitabu kwenye njaa ya vitabu. Hapo mimi huwa namvulia kofia, wengi wetu tukitoa vitabu tunapeleka mahali ambapo tayari wanavyo kwa sababu ndo kwenye picha nzuri.

Maktaba ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 1802. Alipokufa 1822 ilikuwa na vitabu kama 40,000. Na humo ndani vimo pia vya mkewe, Zsuzsanna Bethlen, aliyekufa 1797 kabla hata milango haijafunguliwa, alikuwa na vitabu vyake mwenyewe kama 2,000 hivi, vingi vya Kihungari. Mwanamke wa karne ya 18 mwenye maktaba yake binafsi, jamani, hiyo si kitu cha kupita tu, na watalii wengi wanampita. Muulize mhudumu akuonyeshe vya kwake.

Kitu kikubwa alichofanya Teleki ambacho mzee wangu wa maboksi nataka akisome mara mbili: aliandika orodha. Orodha kamili ya vitabu vyake ikachapishwa Vienna kwa juzuu 4, ya kwanza 1796, ya mwisho 1819. Miaka 23 ya kuorodhesha! Ya kwanza ilitoka miaka sita kabla ya kufungua mlango. Ukiwa na orodha iliyochapwa na kusambazwa, mtu hawezi kuchukua kitabu kimyakimya aseme hakikuwepo, kila mtu anajua kilikuwepo, namba hii, ukurasa huu. Na ndo maana mpaka leo unaingia kwenye ule ukumbi, ghorofa mbili zenye roshani inayozunguka, unakuta vitabu vimekaa kwa mpango wa mwenyewe.

Halafu kuna Bolyai, na hapa ndo kwa mtu wa hesabu safari inajilipa. János Bolyai alizaliwa 1802, mwaka uleule maktaba ilipofunguliwa, baba yake Farkas akaja kuwa mwalimu wa hesabu pale chuoni Marosvásárhely tangu 1804. Kuna ile kanuni ya Euclid, mwanahesabu wa Ugiriki ya kale, ya mistari sambamba iliyowasumbua watu miaka 2,000, Farkas mwenyewe aliishughulikia ikamshinda, akamwandikia mwanae kumsihi aachane nayo. Kijana hakusikia. Novemba 1823 akiwa afisa wa jeshi kule Temesvár, ndo Timișoara ya leo, akamwandikia baba kwamba ameumba ulimwengu mwingine mpya kutoka kwenye hamna kitu. Na kweli, jiometri yake ikatoka 1832 kama kiambatisho tu cha kitabu cha baba, kurasa hazifiki 30. Gauss, gwiji wa hesabu wa Ujerumani, aliposoma akajibu hawezi kuisifu maana itakuwa kama anajisifu mwenyewe, eti alishawaza hivyohivyo zamani. Fikiria umekesha miaka, unapata jibu kama hilo! János alikufa 1860 hapohapo mjini, akaacha kurasa zaidi ya 20,000 za mikono, na hizo karatasi ziko kwenye hii maktaba, maana wakati wa ukomunisti mkusanyiko wa kile chuo cha kale uliunganishwa na wa Teleki, ndo maana utasikia wanaiita Teleki-Bolyai.

Kwa watu wa kwetu kuna jambo jingine. Aliyepanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru amelala Mackinder's Camp, na ile kambi iko kwenye bonde la Teleki. Na kusini mwa Ziwa Turkana kuna volkano ya Teleki. Je, ni huyuhuyu? Hapana, huyu wa maktaba hakukanyaga Afrika, ila ni ukoo uleule na jina lilelile, Sámuel Teleki mwingine aliyezaliwa 1845 Sáromberk, kijiji jirani na Târgu Mureș, siku hizi kinaitwa Dumbrăvioara. Huyo ndo alitoka Pangani mwaka 1887 na msafara mkubwa wa wapagazi, wakiongozwa na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa hapohapo Pangani ambaye njia za bara alizijua, akapanda Kilimanjaro mpaka kwenye theluji, akapita Ukikuyu kwa mapigano na kuchukua mifugo ya watu, na Machi 1888 akafika kwenye ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakilivua tangu enzi na enzi, akalibatiza Rudolf kwa jina la mwana wa mfalme wao. Likabaki hivyo mpaka 1975 Kenya ilipoliita Turkana. Kwa hiyo ukisimama kwenye ule ukumbi wa vitabu ukaona jina la ukoo, ujue tawi moja la nyumba hiyo lilikusanya vitabu na jingine likaja kwetu na bunduki. Usichanganye hao wawili kwenye maongezi, nimeshaona mtu anabishana kwa ujasiri wote kwamba chansela ndo aligundua Turkana. Kwanza wakati huo angekuwa na miaka karibu 150.

Haya tuhamie Galați, upande wa pili kabisa wa milima ya Karpati, kwenye mto Danube.

Vasile Alexandrescu alizaliwa 1834 Piatra Neamț, upande wa Moldova ulio ndani ya Romania ya leo. Jina la Urechia akajiongezea mwenyewe baadaye akidai anatoka kwenye ukoo wa Grigore Ureche, mwandishi wa historia ya Moldova wa karne ya 17, wengine wakamcheka mpaka leo wanamcheka. Alisoma Paris, akawa mwalimu wa chuo Iași halafu Bucharest, mwanahistoria, mwanasiasa, mmoja wa waanzilishi wa kile kilichokuja kuwa Akademia ya Romania, na 1881 hadi 1882 waziri wa elimu. Si kabaila. Ni mtu wa mishahara na siasa na mikutano, mtu wa makala na hotuba, ukimlinganisha na Teleki aliyekuwa na mashamba na kasri utaona hata idadi inaonyesha: Teleki vitabu 40,000, Urechia alianza na kama 6,000.

Lakini angalia alivyovitoa. Mwaka 1889 akaupa mji wa Galați ule mkusanyiko wake, na tarehe 11 Novemba 1890 maktaba ikafunguliwa rasmi. Yeye bado yuko hai! Hakungoja kufa. Akaishi miaka mingine 11, akafa Bucharest 1901, kwa hiyo alipata muda wa kuiona maktaba ikitembea, ikipata wasomaji.

Na Galați wakati ule si mji wa mkusanyiko wa kabaila, ni bandari. Ilikuwa bandari huru toka 1837 mpaka 1883, nafaka nyingi za nchi zinapita pale kwenda baharini, makuli, Wagiriki, Wayahudi, Waitaliano, mabaharia, kelele. Baada ya vita vya Crimea mataifa makubwa yakaunda Tume ya Ulaya ya Danube mwaka 1856 isimamie usafiri wa meli kwenye mdomo wa mto, na makao yake yakawa hapo Galați. Mtu wa Mombasa au Dar ataelewa haraka huu ni mji wa namna gani. Sasa utamu ni kwamba ile tume ilishaondoka, lakini kasri lake la ofisi lipo, na humo ndimo maktaba ya Urechia ilihamia miaka ya 1960 na ndimo ilimo mpaka leo. Mahali ambapo wakubwa wa Ulaya walikuwa wanapanga ushuru wa meli, sa hivi mtoto wa shule anakaa anaandika homuwek.

Hiyo ndo tofauti ya msingi. Galați unaingia, kuna wanaosoma magazeti, kuna wanafunzi, kuna matawi mengine mjini, kuna kadi ya msomaji, vitabu vinatoka vinarudi. Vitabu vya kale vya Urechia vimetunzwa pembeni kwenye makusanyo maalum, huvikuti mbele ya macho yako ukiingia, ukivitaka uombe kabla na ueleze unatafuta nini. Mtu aliyekuja kupiga picha ya ukumbi mzuri atarudi amenuna. Târgu Mureș ni kinyume, ukumbi unakupiga usoni, unatulia, unanong'ona bila kuambiwa, lakini kitabu hukigusi, kiko kabatini, na ukitaka kusoma kwa utafiti utaandika barua na utajieleza, na haki yao, kitabu cha 1480 si cha kushikwa na mikono yenye mafuta ya chipsi.

Lugha nayo izingatie. Kwa Teleki ni Kilatini, Kijerumani, Kifaransa, Kihungari. Mwenye Kifaransa (ndugu zetu wa Kongo na Burundi hapo mko vizuri) ana kitu cha kusoma pande zote mbili, maana Urechia naye alikuwa mtu wa Paris. Kama unajifunza Kiromania basi usibabaike, Galați.

Usafiri nitasema kwa kifupi. Târgu Mureș ni kama kilomita 100 kutoka Cluj, basi zipo, na kama unazunguka Transylvania iko njiani njiani. Galați ni safari yake peke yake, treni kutoka Bucharest ni masaa kama manne na kitu, na uikubali kwamba si mji wa watalii, ni mji wa kiwanda cha chuma na bandari, ulibomolewa sana 1944, uzuri wake ni ule ufukwe wa mto jioni. Mimi naupenda ila sitakudanganya.

Sasa kwa mzee wangu na wenzake wenye maboksi. Wa pwani tuna maneno matatu yanayofaa hapa kuliko maelezo yangu yote: wakfu, hiba na wasia. Teleki alifanya kitu kama wakfu, vitabu havigawanywi, haviuzwi, vinabaki na ukoo ukivilea na umma ukivisoma. Kikadumu zaidi ya karne moja mpaka wakomunisti walipochukua mali za makabaila, na hata wao ukumbi waliuacha umesimama. Urechia alitoa hiba, yu hai, mkono kwa mkono, kwa mji. Mji haufi na hauna warithi wa kugombana.

Wa wasia tunaye kwenye mji wa Craiova, Alexandru Aman, kaka wa mchoraji Theodor Aman, alikufa 1885, nyumba na vitabu na picha vikaachiwa mji, yeye na mkewe Aristia, na maktaba ikafunguliwa Desemba 1908. Hesabu mwenyewe, miaka 23 toka afe mume. Ilifanikiwa, mpaka leo maktaba ya mkoa wa Dolj, ndo mkoa ulimo Craiova, ina majina yao yote mawili, jambo ambalo nalipenda, mke hakufutwa. Ila yeye hakuiona.

Na kuna mfano wa kukuogopesha kidogo. Mji wa Alba Iulia, hukohuko Transylvania, askofu Ignác Batthyány, mwaka 1798 alitoa maktaba yake kubwa ajabu, ina nusu ya ile Injili ya dhahabu ya Lorsch iliyoandikwa kama mwaka 810 (nusu nyingine iko Vatikani), ina vitabu zaidi ya 500 vilivyochapwa kabla ya 1501. Kwenye hati akawataja kanisa NA jimbo la Transylvania. Maneno hayo machache yamezaa mgogoro baina ya kanisa Katoliki na serikali, kila upande unasoma ile hati kivyake, mpaka kesi ikafika mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya kule Strasbourg ambayo 2012 ikaona Romania imekosea kwa jinsi ilivyoliacha suala lining'inie. Hati ya miaka mia mbili na zaidi ikawafikisha mahakamani kwa sababu inasomeka namna mbili! Mzee, andika jina la mpokeaji mmoja.

Kwa hiyo kama mimi ndo mzee, ningechukua mwendo wa Urechia kwenye kutoa, yaani sa hivi, nikiwa na nguvu za kwenda pale kila Jumamosi kuona kama wanavipanga au wamevirundika chini ya ngazi, na mwendo wa Teleki kwenye orodha. Daftari kubwa, jina la kitabu, mwandishi, mwaka, namba, nakala tatu, moja kwa mpokeaji, moja kwako, moja kwa mtu asiyehusika. Niliwahi kupeleka katoni nne mahali bila orodha, sipataji, mwaka uliofuata nikakuta moja ya vile vitabu kinauzwa chini kwenye turubai na saini yangu ndani. Ningekidai kwa ushahidi gani? Nikanunua nikarudi nacho nyumbani.

Na nyie wasafiri. Mwanafunzi anayesoma udaktari Târgu Mureș (najua mpo wa mataifa mengi pale) huna kisingizio, Teleki iko mguu tu kutoka katikati ya mji, nenda hata kesho. Mwenye wiki moja anayetoka Ujerumani au Uholanzi, Teleki, na uongeze Alba Iulia kama ratiba inakubali, ila ulizia kwanza kama wamefungua. Anayeenda kukaa Romania miezi sita au mwaka na anataka mahali pa kukaa na kusoma bila kununua kahawa kila saa, Galați, au kiukweli maktaba ya mkoa yoyote uliko, wote mfumo wao ni huohuo. Mpenzi wa historia ya meli na biashara, Galați bila kufikiria mara mbili, jengo peke yake linatosha.

Kitu kimoja cha mwisho kwa wanaoenda Teleki, Jumatatu usiende bila kuangalia siku zao za kufungua, na ukifika anza na chumba cha Bolyai ndo uende ukumbini. Mimi nilianza na ukumbi, nikakaa mno natazama juu, nikafika kwa Bolyai wanazima taa.